Mama Tabibu na Miti Iliyoachwa

Asifiwe Mungu aliyeumba ubongo wa mwanadamu, akauzungushia mfupa mgumu kama mtu anayejua thamani ya kitu alichokificha ndani. Asifiwe kwa nyuki na kwa ua la mti wa muyombo, kwa mvua zilizowahi na zilizochelewa, na kwa watu anaotuletea bila kutuuliza kama tunawataka. Mmoja wa watu hao ndiye ninayetaka kumwandika, kabla macho yangu hayajakataa kazi kabisa.

Tulimwita Mama Tabibu. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini hapa Inyonga hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Alikuwa tabibu wa kituo chetu cha afya miaka ile ya tisini. Mimi nilikuwa katekista wa kigango, na siku zisizo za ibada nilikuwa mrina asali, kama walivyo wanaume wengi wa huku. Mtu akiniuliza Mama Tabibu alinifanyia nini, nina jibu fupi: alimtuliza mwanangu aliyekuwa akianguka kifafa, na alimwokoa mkwe wangu asifukuzwe kwa kosa ambalo halikuwa lake. Lilikuwa langu. Lakini mtu haelezeki kwa tendo moja, kwa hiyo msomaji anivumilie kidogo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alipanda baiskeli ya kiume, ile yenye bomba katikati, na kanga aliikunja kwa namna ambayo wanawake wetu walijaribu kuiga wakashindwa. Alikuwa Mwislamu, naye alifunga Ramadhani hata siku za kampeni ya chanjo, akipita vijijini juani na midomo imekauka. Hata hivyo Jumapili nyingi ungemkuta ameketi nje ya kanisa letu, kwenye gogo, akisubiri ibada iishe ili atangaze kliniki. Kwa kusubiri kule aliijua ibada yetu kuliko waamini wengine. Siku moja aliniambia, "Katekista, nimekupima kwa saa. Mtu anaweza kuzimia, akazinduka, akaomba maji na akaenda zake, wewe bado uko kwenye utangulizi."

Hakupenda kukisia. Neno "nadhani" lilimkera. "Sijui ni jibu," alikuwa akisema, "lakini nadhani ni uvivu umevaa miwani." Mgonjwa akianza kumweleza kwamba amelogwa na shangazi, au amekula kitu kibaya msibani, alimkatiza: "Usiniambie sababu. Niambie kilichotokea." Na mwanamke huyohuyo aliyechukia kukisia alikuwa akibishana na wauza maharage kila mwaka kuhusu tarehe ya mvua ya kwanza, na kila mwaka akakosea, na kila mwaka akarudi kubishana kwa uhakika uleule. Alituamuru tumeze dawa saa ileile kila siku, naye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Aliwakaripia warina asali wanaopanda miti bila kufunga kitambaa kizito kichwani, kisha akateremka kilima cha kwenda mtoni kwa baiskeli, miguu imeachia pedali, akicheka peke yake. Tulimwambia. Akajibu, "Mimi nafundisha, sikusema nimefuzu."

Sasa nieleze habari ya kifafa, maana huko ndiko alikoweka moyo wake.

Zamani zile mtu akianguka kifafa, watu walikimbia. Iliaminika kwamba povu lake linaambukiza, na hata mkojo wake, na hata pumzi yake. Akiangukia moto hakuna wa kumtoa, na akishaungua ilisemwa kwamba basi, ugonjwa umeiva, hauna dawa tena. Nimewaona kwa macho yangu watu wenye mikono iliyokunjamana kwa kuungua huku ndugu zao wamesimama hatua kumi. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa. Nami nilikuwa mmoja wao.

Mwanangu wa kwanza alianguka mbele ya kanisa Jumapili moja asubuhi. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto wawili. Ilikuwa mara yake ya tatu, ila zile mbili za kwanza zilitokea nyumbani na tulizificha. Tulikuwa tumetoka ibadani, watu wanasalimiana. Ghafla akatoa sauti kama ya mbuzi, akaenda chini. Uwanja ulifunguka kama maji yaliyotupiwa jiwe. Nilisimama na kitabu changu cha ibada mkononi, miguu imekataa.

Mama Tabibu aliinuka kwenye gogo lake. Hakukimbia. Alitembea kama anayekwenda kuchota maji, akapiga magoti, akamgeuza ubavu, akavua mtandio wake akauweka chini ya kichwa.

"Mama, mwache! Atakuambukiza!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Basi mtanizika nyie," akajibu bila kugeuka, macho kwenye saa yake. "Na wewe uliyeleta kijiko cha kumtia menoni, kirudishe jikoni. Hali chakula huyu."

Mwanangu alipotulia, Mama Tabibu alimfuta povu kwa kiganja. Kisha akaomba maji. Mke wa mwanangu ndiye aliyethubutu kusogea na kikombe. Mama Tabibu akamnywesha mgonjwa kidogo, halafu, mbele ya kigango kizima, akanywa yeye yaliyobaki, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akakirudisha kikombe akasema, "Jumapili ijayo nitakuwa palepale kwenye gogo. Mje mniangalie kama nimeanguka." Akaja. Nasi kweli tulimwangalia, wengine kuliko walivyoangalia altare.

Siku chache baadaye tulikwenda kituoni, mimi na mwanangu. Wakati ule Mama Tabibu alikuwa akimsaidia mtafiti mmoja wa magonjwa ya ubongo aliyekuja kutoka mbali, mtu mpole mwenye miwani, anayebeba fomu zake ndani ya boksi la sabuni. Mtafiti huyo alitaka kujua kwa nini mtu aliyeumia kichwa akapona anaweza, baada ya muda mrefu, kuanza kuugua kifafa. Fomu yake ilikuwa na swali hilo, na Mama Tabibu akalisoma.

"Umewahi kuumia kichwa?"

"Hapana, mama," mwanangu akajibu.

"Kuanguka? Kupigwa? Kugongwa na kitu?"

"Hapana."

Akanigeukia. "Katekista, wewe ni baba yake. Amewahi?"

"Hapana," nikasema. Mimi, ambaye wiki ileile nilikuwa nikiwafundisha wakatekumeni amri ya nane, ile ya kutosema uongo.

Aliweka kalamu juu ya fomu. "Mimi huku nawaona wanaume wanapanda miti ambayo ukiitazama juu kofia inadondoka. Na katika fomu zangu zote hakuna hata mmoja aliyewahi kuanguka. Mungu ametandika godoro chini ya kila mti?"

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Ni mwema sana. Ila magodoro sijayaona."

Akatupatia vidonge vya fenobabitoni, akamweleza mwanangu namna ya kumeza. Alimeza majuma mawili, akaacha. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema kitu cha kutumwa hakitibiwi na vidonge vya hospitali, na mwanangu aliona vinampa usingizi tu. Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeshaanza kukaa kimya, na ukimya ukishaanza una njaa, unataka kulishwa kila siku.

Ukweli ni kwamba mwanangu alikuwa amewahi kuanguka mtini. Ilikuwa miaka miwili nyuma, kabla ya mvua, tulipokuwa kambini porini tukirina. Kamba ya magome ilikatika, akaporomoka kutoka juu ya mninga mmoja pale mto unapopinda. Alilala bila fahamu tangu asubuhi mpaka jua likaegemea, damu imetoka sikioni. Nilimwombea nikiwa nimemshika mkono. Akazinduka, akaniuliza kama mzinga umepona. Baada ya siku nne alikuwa akitembea, baada ya mwezi alikuwa akipanda miti mingine. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Nani angekumbuka?

Tulificha kwa sababu hii. Warina asali wa kwetu walikuwa na mwiko. Mume aliye kambini na mke aliyebaki nyumbani, wote wawili walipaswa kujitunza. Mume akianguka mtini, basi mmoja wao amevunja mwiko. Na kwa kuwa mwanamume aliye porini hana wa kushukiwa naye ila nyuki, lawama yote ilimwendea mke. Nimeona ndoa njema zikivunjika kwa sababu ya kamba mbovu. Mke wa mwanangu alikuwa binti wa kijiji cha Mamba, aliyekuja kwetu na mbegu za mpunga kwenye kibuyu, mchapakazi, mcheshi. Nilimpenda kama mtoto wangu. Kwa hiyo pale chini ya mninga nilimwambia mwanangu, "Tutasema ulichomwa na nyuki ukaumwa homa." Nilijua namna ya kusema hivyo. Sababu ya kujua nitaitaja mwishoni.

Tazama basi jinsi wema wa kijinga unavyozunguka. Tulificha ili mke asilaumiwe. Kifafa kilipokuja bila sababu yoyote inayojulikana, wazee walitafuta sababu, na wakaipata palepale: mke. Wakasema ugonjwa umetoka ukoo wa kwao, ameubeba Mamba akauleta Inyonga. Wakaamua arudishwe. Nilikuwa nimeketi katika kikao hicho. Nikasema, "Tuombe kwanza." Wakakubali tuombe, kisha wakatuma ujumbe kaka yake aje kumchukua.

Mama Tabibu hakujua hayo yote, lakini hakuacha kulichokonoa swali lake. Siku za kununua asali alikuwa akienda kukaa na warina, anaonja, anasikiliza. Walimtania: "Mama, tukufungie kamba upande mti?" Naye akawajibu, "Nifungieni, lakini nikianguka mtamlaumu nani, mume wangu?" Walicheka mno, kisha wakanyamaza mno, na ukimya ule aliuona. Mwanamke hakanyagi kambi ya asali, naye aliheshimu hilo. Alikuja mpaka njia panda ya kuingia porini, akaegemeza baiskeli, akawangoja wanaume watoke ndipo azungumze nao. Hapo ndipo alipomsikia mrina mmoja mzee, mtu wa mizaha, akimwelekeza mwenzake: "Pita kwenye ule mti wangu wa mtundu niliouacha."

"Kwa nini uliuacha?" Mama Tabibu akauliza.

"Mti ukiachwa umeachwa tu, mama. Hauulizwi."

Mtu mwingine angeondoka. Yeye, kama alivyonisimulia baadaye, alipanda baiskeli akaendesha hadi kituoni akilirudiarudia neno lile, mpaka likaungana na ule ukimya wa warina. Kwetu mrina akianguka kwenye mti, hatundiki mzinga tena pale, wala ndugu zake hawatundiki. Anaweza kukana kuanguka mbele ya mkewe, mbele ya tabibu na mbele ya padre. Lakini miti yake anaitaja bila kuogopa, kwa sababu ndiyo fahari yake, na iliyoachwa huitaja pamoja na iliyobaki.

Alikuja kwangu siku ileile ambayo kaka wa mkwe wangu alitarajiwa. Ilikuwa asubuhi. Mkwe wangu alikuwa ameketi kizingitini, furushi lake limefungwa, watoto wamelalia mapaja yake. Mama Tabibu aliliona furushi. Akaomba asali. Mke wangu akamletea kwenye sahani.

"Asali ya nani hii?" akamuuliza mwanangu.

"Yangu, mama."

"Mizinga yako iko miti gani?"

Mwanangu alinyooka. Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza kitu anachokijua. Akataja: miyombo mitatu ya bondeni, mtundu wa kwenye kichuguu, mninga wa kando ya njia ya tembo. Akaeleza upi una nyuki wakali na upi wapole. Mama Tabibu alilamba kidole.

"Na mti gani umeuacha?"

"Mninga wa pale mto unapopinda," akajibu haraka, kama mrina yeyote. Kisha akanitazama.

"Uliuacha lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya mvua."

"Kwa nini?"

Kuku alikuwa akichakura pembeni, nakumbuka. Mwanangu aliinamisha kichwa. Mkwe wangu aliinua chake. Mama Tabibu hakuniangalia hata kidogo, na hilo ndilo lililonishinda. Angenikazia macho ningepata nguvu ya kukana tena.

"Alianguka," nikasema. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema tufiche."

Hakunikemea. Alitoa daftari lake, akauliza mambo madogomadogo: alilala bila fahamu kwa muda gani, damu ilitoka wapi, alitapika, tangu siku ile mpaka kifafa cha kwanza ni mvua ngapi. Alipomaliza aliweka kalamu chini, akatueleza kwa lugha ambayo hata kuku yule angeelewa. Mtafiti alikuwa amemwambia kwamba katika maabara wanachunguza panya walioumia ubongo. Panya anapona, anakula, anakimbia. Yuko kimya majuma mengi. Halafu siku moja kifafa kinaanza. Wanachotafuta ni kile kinachofanyika ndani ya kimya hicho, maana ubongo ulioumia hujaribu kujitengeneza, na pengine katika kujitengeneza huunganisha mahali pasipostahili. "Nasema pengine," akaongeza, "kwa sababu wenyewe bado wanatafuta. Lakini jambo moja hawabishani. Ugonjwa hauanzi siku unapouona."

Mwanangu aliitazama sahani ya asali. Kisha akasema, "Ni kama mzinga ulioanguka, mama."

"Nieleze."

"Mzinga ukianguka, ukiurudisha juu, nje unaona nyuki wanaingia na kutoka kama kawaida. Ndani masega yamekatika, wao wanayaunga. Lakini wanayaunga mshazari. Huwezi kujua. Siku moja wanavuma wote kwa pamoja, mzinga mzima, bila mtu kuwagusa."

Mama Tabibu alishika tena kalamu. "Sema tena, polepole." Akaandika neno kwa neno. Tangu siku hiyo, kila alipomweleza mgonjwa habari ya kifafa cha kuumia kichwa, alianza hivi: "Kuna mrina mmoja, mwalimu wangu, aliniambia." Mwanangu, ambaye watu walikuwa wakimkimbia, akawa mwalimu wa tabibu.

Mkwe wangu alikuwa bado kizingitini. Akaniambia, kwa adabu, lakini kila neno lilikuwa na uzito wake: "Baba, mlinikinga na jina baya, mkaniachia jina baya zaidi. Mngeniuliza mimi kwanza. Ningechagua."

Kaka yake alipofika mchana nilimweleza yote. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mzee, maneno ya uani siwezi kuyabeba mpaka Mamba. Yaseme kule walikomsema." Kwa hiyo furushi likabaki limefungwa mpaka Jumapili.

Jumapili ile sikuhubiri. Nilisimama nikasema kwamba mwanangu alianguka kutoka kwenye mti, kwamba kamba ndiyo iliyokatika na si ndoa, kwamba mimi baba yake niliisokota kamba ile kwa mikono hii, na kwamba nilidanganya kituoni na nikanyamaza kwenye kikao. Nikamwomba mkwe wangu msamaha kwa jina lake. Kisha nikakaa. Mama Tabibu, nje kwenye gogo, aliniambia baadaye kwamba ndiyo ibada yangu fupi kuliko zote na ndiyo aliyoielewa vizuri zaidi.

Nje, yule mrina mzee wa mizaha alisimama mbele ya mkewe akasema kwa sauti, "Haya, na ule mtundu wangu sikuuacha kwa sababu ya siafu." Mkewe akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Miaka yote hiyo unanidanganya siafu!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilifungua kitu. Majuma yaliyofuata wanaume walikuja kituoni mmoja mmoja, wengine kwa kificho, kutaja mti. Wapo waliokuwa na kaka au mtoto anayeanguka kifafa nyumbani, amefichwa nyuma ya ghala. Daftari likajaa miti.

Mkwe wangu alilifungua furushi jioni ile ya Jumapili. Sikumwona akilifungua. Niliona tu kanga zake zimeanikwa.

Mwanangu alianza tena vidonge, na safari hii alivimeza akijua vinakwenda kutibu nini. Usingizi ulipungua baada ya muda. Kifafa hakikuisha kabisa, sitaki kumdanganya msomaji, lakini kilipungua mpaka kikawa mgeni wa mara chache. Kupanda miti alikatazwa. Jambo hilo lilimliza kuliko ugonjwa wenyewe. Mama Tabibu akamwambia, "Nyuki hawajaapa kukaa juu." Akaanza kutundika mizinga kwenye nguzo, urefu wa kifua. Wenzake walimcheka: "Unafuga kuku au nyuki?" Leo wengi wao wanatundika vivyo hivyo, na kila mmoja anasema alilifikiria mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka hiyo Mama Tabibu alistaafu akahamia Mpanda mjini, kwenye nyumba ndogo upande wa stesheni. Mimi na mke wangu tulikwenda kumsalimia, tumebeba dumu la asali ya nguzoni. Tulimkuta uani, amevaa miwani iliyofungwa uzi, daftari lilelile pajani, limevimba kama mkate ulioloana. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukutani, tairi hazina upepo.

"Shikamoo, mama," nikamsalimia. Tulikuwa karibu rika moja, lakini sikuweza kumsalimia vingine.

"Marahaba, ingawa unanizeesha. Mwalimu wangu hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Mkewe amejifungua tena."

Alionja asali, akafumba macho. Halafu akapiga daftari kwa kiganja. Yule mtafiti alikuwa amemwandikia barua. "Anasema nimefanya kazi nzuri, lakini nusu. Ninao walioanguka wakaugua. Sina walioanguka wasiugue. Bila hao hatuwezi kujua kwa nini kimya cha huyu kinaisha kwa kifafa na kimya cha yule kinaisha kwa uzee. Nimewatafuta sana. Aliye mzima hana sababu ya kutaja mti wake." Akashusha miwani. "Katekista, wewe umerina tangu ujana. Sijakuuliza hata siku moja, nilikuwa nakuonea haya kwa yale yaliyopita. Mti wako ni upi?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa akipunga nzi kwenye dumu.

Nilikuwa nimeungama mbele ya kigango kizima, nikapongezwa kwa ukweli wangu, na hapo hapo nilikuwa nimebakiza kipande kimoja kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Ni muyombo," nikasema. "Nyuma ya kambi ya baba yangu. Mwaka tuliooana. Niliangukia kichwa, nikazimia. Nilisema ni nyuki na homa. Sijawahi kuugua kitu."

Mke wangu hakuacha kupunga nzi. "Mimi ndiye niliyelifua lile shati," akasema. "Nyuki hawatoi damu nyuma ya sikio. Nilijua, baba. Nilingoja utasema lini."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa unanilinda. Nikasema nikuache ulinde."

Mama Tabibu alicheka mpaka miwani ikadondoka kwenye uzi wake. Kisha akafungua ukurasa mpya, safi, akaulainisha kwa mkono wake mkubwa, akaandika polepole huku akisoma kwa sauti: "Mrina. Muyombo. Alianguka, akazimia, hakuugua." Akanitazama kama mtu aliyepewa mvua kwa tarehe aliyoitabiri. "Wewe ndiye wa kwanza," akasema. "Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Tulipoaga alitusindikiza mpaka barabarani. Hatukuonana tena hapa duniani. Sijui kama watafiti wamekwisha kupata jibu la kimya kile. Najua tu kwamba mahali fulani, katika daftari au katika boksi la sabuni, upo mti wangu na upo mti wa mwanangu, na kwamba mwanamke mmoja aliiomba yote miwili kwa upole mpaka akapewa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akilinde kichwa chako na vya wote uwapendao. Kama umeuacha mti na hujamwambia mtu, akupe ulimi wa kuutaja, na akupe karibu nawe msikilizaji asiyekukazia macho. Na siku utakapoona mwenzako ameanguka, akupe miguu ya kusogea. Amina.